Usijifiche Tena Migombani

Mwanangu Rehema,

Ndaga. Usishtuke. Mwandiko huu mbaya ni wa baba mkwe wako, na karatasi atakupa mama, mke wangu, maana mimi bado sijajua nikukabidhi vipi kitu mkononi.

Jua halijazama, na kutoka hapa kibarazani nakusikia kule kwenye nyumba yenu ukikung'uta nguo. Mambo ya safari sitayagusa. Mchele anafunga mama, dawa zako za kufubaza virusi anazipanga mama, sufuria, kanga, namba ya mwenye chumba kule Mbeya, yote anayo yeye, na ukisahau kitu atakayekupigia kelele ni yeye. Mimi leo nina kazi moja tu, kuongea na wewe. Tumekaa kaya moja miaka mitatu na sijawahi kukuambia hata pole. Loo! Huko kwenu Tanga wakisikia hivyo watasema huyu mzee ana roho mbaya. Sina roho mbaya, Rehema. Nilikuwa na mila.

Uliikuta hapa, hukuiomba. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba wa mumewe wanaogopana. Hawatazamani, hawasemezani, hawakai uwanja mmoja. Siku hizi wengi wameilegeza. Nenda pale Bondeni utakuta mtu na mkamwana wake wako kwenye kochi moja wanatazama taarifa ya habari. Mimi nilikataa ujinga huo. Niliwajengea nyumba nyuma ya kakao, nikakata vijia viwili, kimoja changu na kimoja chako, chako kikizunguka kwenye migomba. Tukikutana kwenye mnada wa kakao nilikuwa nawaringia wenzangu: "Wa kwangu haonekani. Katoka pwani, lakini heshima yake hata mabinti zetu hawanayo." Nilikuwa najisifu kwamba sikuoni.

Nilichokijua kwako ni sauti. Chumba changu na jiko la mama vinatenganishwa na ukuta mmoja, na mchana ukija kumsaidia mama kupepeta mchele mlidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nasikiliza. Mengi ninayoyajua kuhusu mwanangu mwenyewe nimeyasikia kwako, ukimsimulia mama, mimi nikiwa nimelala chali natazama bati.

Siku mlipofika kutoka Dar es Salaam, Lusajo alisimama pale kwenye wembamba wa njia akasema, "Tata, tumerudi." Suruali imefungwa kwa kamba. Kijana aliyeondoka hapa anabeba gunia la mpunga peke yake! Wewe ulikuwa nyuma yake, umejifunika kanga mpaka machoni, nami nikageuza uso haraka kama inavyopasa. Akaniambia kila kitu siku ileile, hakunificha: anatumia unga, anajidunga, na wewe pia, na mmekuja kuachia nyumbani. Nilifurahi, ujue. Nililia, lakini ndani nilikuwa nafurahi. Nilijiambia jiji limenirudishia mtoto. Nilikuwa naamini kwamba huo ugonjwa unakaa Dar kama mbu wanavyokaa kwenye majaruba ya Ngonga, kwamba ukimtoa mtu pale umemponya.

Mkaenda kupima hospitali. Wewe ulikuwa na virusi, ulikwishajua. Lusajo akakutwa hana. Nikasema ndani ya moyo wangu, Kyala asifiwe, na huyu mwanamke ndiye mwenye balaa. Ndivyo nilivyosema. Nakuandikia hilo kwa sababu nisipokuandikia haya mengine yote yatakuwa uongo.

Halafu nikakusikia ukutani. Mama alikuuliza, kwa ule udadisi wake usio na breki, imekuwaje wewe unao na mwanaye hana, na wote mlikuwa mateja wa jiji lilelile. Ukacheka kidogo. Ukasema, "Mama, jiji halikuwa moja." Ukamweleza ile barabara. Upande wa Lusajo kulikuwa na vijana wanapita kijiweni na sindano mpya, wanakusanya za zamani, wanawapeleka watu kupima. Ng'ambo ya barabara, kwenye kijiwe chako cha kwanza, hawakuwahi kufika. Huko sindano moja ilizunguka watu watano, sita, na huko karibu kila mtu alikuwa nao. Barabara tu, ulisema, ya kuvuka ukiwa umeshika pumzi. Na mama akauliza kama wanawake walikuwepo. Ukasema tulikuwepo, na sindano ilikuwa ikitufikia mwisho, wanaume wakishamaliza.

Nilikaa kitandani. Unajua nilikumbuka nini? Nilikumbuka sahani ya nyama. Hapa kwangu toka nimeoa, nyama inakuja kwangu kwanza, kisha kwa Lusajo, kisha kinachobaki kinakwenda jikoni. Sikuwahi kuona kwamba hilo ni jambo. Mwanaume kwanza. Wale mateja wenzako hawakuivumbua kule kijiweni, walitoka nayo makwao, kwa akina baba kama mimi. Tangu siku ile nyama haijanipita kooni vizuri.

Na hiyo habari ya barabara niliielewa kwa sababu ya shamba. Kakao ikianza kuoza matunda, mgeni atasema shamba zima limekufa. Si kweli. Kuna kona inaoza na kuna kona haina kitu, na ukichunguza ile kona utakuta unyevu, kivuli kizito, na mara nyingi rundo la maganda mabovu ulilolirundika mwenyewe. Kwenye kakao nilijua kutafuta rundo. Kwa watu nilikuwa nalaani shamba.

Sasa nifike kwenye pakiti. Nimeizunguka vya kutosha.

Mlikuja na pakiti ya sindano mpya, wale vijana wa Dar waliwapa mkiondoka. Lusajo aliiweka juu ya kenchi kwenye nyumba yenu. Mimi niliingia siku mlipokwenda kliniki, nikiwa na haki ya mwenye nyumba, nikaiona. Nikasema ndani ya kaya yangu hapana! Nikaichukua nikaitia moto palepale tunapochomea maganda, nikasimama mpaka ikayeyuka yote, nikajiona nimemtetea mwanangu. Jioni nilimwita Lusajo nikamwambia nimechoma uchafu wake. Akasema, "Tata, zile zilikuwa safi." Nikamjibu usinifundishe.

Unga nao ulikuja kunionyesha kwamba una miguu. Mpakani si mbali, malori yanashinda pale, na kinachopita Dar kinapita na huku. Lusajo alipozidiwa na alosto, ile homa ya kukosa unga, mifupa inauma, anatapika, anajikuna mpaka damu, alikwenda mpakani, na huko hakukuwa na kijana wa kupita na sindano. Aliulizia sindano duka la dawa wakamfukuza kama mbwa. Akatumia ya wenzake. Mwaka uliofuata akapima tena, akakutwa nao.

Rehema, mwanangu alikaa Dar es Salaam, kijiweni, miaka sita, akatoka mzima. Ugonjwa ulimpata nyumbani kwa baba yake. Nimejaribu kuisema sentensi hiyo kanisani, nimejaribu kumwambia mama yako, haitoki. Leo imetoka. Isome halafu ukipenda uchane karatasi, lakini endelea kwanza.

Maana muuguzi wa zahanati alikuja. Mwanamke mpole, wa Iringa. Alimwambia mama kwamba Mbeya mjini kuna kliniki wanatoa methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, inatuliza ile kiu, mtu anafanya kazi zake na dawa zake za virusi zinakaa vizuri mwilini. Ila ni kila siku, kwa hiyo lazima mtu aishi karibu. Mama aliniletea habari hiyo anaruka. Mimi nikasema Mbeya ni mji. Nimewatoa mjini kwa machozi, niwarudishe mjini kwa nauli yangu? Dawa gani inakaa penye ugonjwa? Kumbe hata dawa ya mbu hupulizwa walipo mbu. Siku mbili mama akawa ananiwekea chakula mezani na kuondoka, nami nikakila. Mkabaki hapa. Lusajo akajaribu kuacha kwa nguvu zake, wewe ukimkanda kwa maji ya moto, na nilipita kwenye kijia changu nikasikia anakusihi umfunge mlango kwa nje.

Siku yenyewe unaijua. Lakini wewe unaijua kutoka upande wa migomba, na mimi sijawahi kukueleza ilivyokuwa kutoka upande wangu.

Mama alikuwa msibani Ngonga. Nilikuwa uwanjani nageuza kakao juani, peke yangu, redio iko kwenye kiti. Nikasikia majani ya migomba. Nikajua ni wewe, maana hakuna mwingine wa kijia kile. Nikasikia umekohoa. Mara ya pili ukakohoa tena, ukapiga makofi taratibu, kama anavyofanya mtu mwenye adabu anayeomba njia. Nikajiambia, mkamwana anataka kupita kwenda bombani na mimi nimemzibia. Basi nikaweka reki chini, nikazima redio, nikaingia ndani nikafunga mlango ili upite kwa raha. Nilikuwa naridhika kabisa. Nilikaa kitini ndani, nikasema kimoyomoyo, binti huyu amefundwa.

Wewe ulikuwa umekuja kuniambia Lusajo hapumui.

Alikuwa ameacha wiki kadhaa, akarudia kwa kipimo kilekile cha zamani, na mwili ulikuwa umeshasahau. Hilo nilielezwa baadaye. Wewe ulikuwa umesimama pale, mumeo midomo imekuwa ya bluu, na mkwe wako anakufungia mlango usoni. Ulimwambia mama baada ya msiba, nilisikia ukutani kama kawaida yangu: "Baba alipoingia ndani nilijua hataki. Nikazunguka kwa jirani." Ukazunguka! Kwa kijia nilichokata mimi, kirefu, ili usipite uwanjani kwangu. Jirani alipokuja na pikipiki yake, na mimi nilipotoka kwa kelele, Lusajo alikuwa amekwisha.

Muuguzi aliniambia pengine asingepona hata kama ningekimbia. Ni mwema, anasema hivyo kwa kila mtu. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi wa kwangu amekuja, na mjukuu mwenyewe sina.

Nimejiuliza mara nyingi kosa lilikuwa la nani pale. Mama alikufundisha vizuri, wewe ukajifunza vizuri, mimi nikaitikia vizuri. Kila mtu alifanya sawasawa, na mtoto akafa kati yetu. Nilipokuwa kijana wazee walituambia heshima ni kumwekea mtu nafasi. Hakuna aliyetuambia nafasi ikiwa kubwa mno mtu anaweza kufia humo. Sikuambii mila ni mbaya, mimi nitakufa Mnyakyusa. Nakuambia tu kwamba sikuwahi kuiuliza ilikuwa inanilinda mimi au wewe.

Msibani nilisema presha. Watu walijaa mpaka barabarani, kama unavyojua misiba yetu, na kila aliyenishika mkono nilimwambia presha, kijana alipanda presha. Wewe ulikuwa ndani na wanawake, umekaa chini, na shangazi mmoja akasema kwa sauti kwamba umeleta mkosi kutoka Dar. Nilisikia. Ningeweza kusimama nikasema, hapana, alikuja mzima, niulizeni mimi. Sikusimama. Ukoo ulipokaa baada ya matanga wakasema mwanamke hana mtoto hapa, arudi kwao, na mimi nikatazama viatu vyangu. Aliyesema unabaki ni mama. Peke yake, mbele ya wanaume wale wote, akasema huyu haendi popote, na aliyechoka kumwona afumbe macho. Tangu hapo unaishi hapa kwa mgongo wake, si wangu.

Wiki mbili zilizopita nilikusikia tena usiku unatapika kwa alosto. Kesho yake mama akaniambia unataka kwenda Mbeya, umeongea mwenyewe na muuguzi, ila hutaki kuniudhi. Kuniudhi! Nililia mbele ya mama kama mtoto. Nikamwambia aende, aende hata kesho, na chumba nikakitafuta mimi. Nimepanda mwenyewe mpaka Mbeya wiki iliyopita, nikamdanganya mama nakwenda kununua dawa ya kakao, mpaka niliporudi na namba ya mwenye chumba. Nimeiona kliniki. Nilisimama nje asubuhi nikawatazama wanaokunywa dawa. Vijana wa rika la Lusajo. Wanakuja, wanakunywa, wanaaga, mmoja amevaa ovaroli la gereji anachelewa kazini. Basi tu, Rehema. Ndicho nilichomnyima. Nilikaa kwenye jiwe ng'ambo pale mpaka mama mmoja muuza vitumbua akaniuliza kama naumwa.

Sasa ninachokiogopa ni hiki, na sina kingine. Ninaogopa utakwenda kule, siku moja utateleza, utatumia, na utamwonea mama aibu na kuniogopa mimi, utajificha. Utakohoa kidogo, utapiga makofi mawili ya adabu, mtu atakufungia mlango, na wewe utazunguka. Adabu hiyo umeipata kwangu na ninaomba uiache hapa. Ukiteleza, tuambie siku hiyohiyo. Sitachoma kitu. Sitauliza kwa nini. Na popote utakapokuwa, kwenye sahani au kwenye foleni, usikubali tena kungoja mpaka wanaume wamalize.

Watu watakuuliza huko wewe ni wa wapi. Ukisema Tanga, sawa, ndiko ulikozaliwa. Ukisema Makwale, hapa kwetu, hakuna atakayekukatalia, nimekwisha kwenda kwa wazee wa ukoo jana nikawaambia. Niliwaambia na habari ya pakiti, na ya mlango. Yule shangazi alitoka nje. Mwingine akasema nimezeeka vibaya. Ndiyo, nimezeeka vibaya. Niliwaambia pia kwamba nyumba nyuma ya kakao ni yako, uje au uondoke, uolewe tena ukitaka, ni yako.

Kesho begi lako nitabeba mimi mpaka stendi. Tutapita njia moja, ile ya uwanjani, na watu watatazama, waache watazame. Mimi sijui tutaongea nini. Labda hatutaongea kitu, nitakuwa naona haya kama bwana harusi. Lakini nitakuwa nakutazama.

Limebaki moja. Kwetu mkamwana halitaji jina la mkwe wake, hata amwone anaungua. Mama alikufunza hilo wiki yako ya kwanza hapa, na ndiyo maana siku ile, pale migombani, hukuwa na neno hata moja la kunigeuza shingo. Ungeliita jina langu ningetoka mbio. Basi nimeliandika hapo chini, mwanangu. Lisome kwa sauti. Lisome sasa hivi, usingoje uzidiwe kule Mbeya ndipo ulijaribu. Nimekaa kibarazani, redio nimezima, na mlango wa nyumba uko wazi nyuma yangu.

Baba yako,

Ambakisye